Mafundo Matatu Chini ya Kola

Barua ya kwanza niliyoandika kuomba kazi ilirudishwa siku ya tatu, imekunjwa vilevile nilivyoikunja, na aliyeirudisha alikuwa akijizuia kucheka. Alikuwa mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu. Mume wangu alikuwa akishona nguo kwenye baraza la duka lao pale Korogwe, miaka ile vita vimekwisha, Mwingereza bado yupo, na vitambaa vimeanza kurudi madukani. Siku hiyo mume wangu alikuwa na wiki sita kaburini, nami nilikuwa ndani ya eda.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki bila dharura, hajipambi, hasimami mlangoni kuzungumza na mwanamume asiye ndugu yake wa karibu. Wapo wanawake walioniambia kuwa kwao ilikuwa mapumziko. Kwangu ilikuwa ni kuogopa kila kunapopambazuka, kwa sababu nilijua ni nani atakayebisha hodi siku eda itakapoisha. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amekwisha kusema msibani, mbele ya watu na kwa upole kabisa, kwamba eda ikimalizika atakuja kutoka Kwamsisi kuchukua vitu vya ndugu yake. Vitu vyenyewe vilikuwa vitatu: cherehani ya mkono na watoto wangu wawili. Mimi, akasema, nikipenda nifuatane nao, ataniweka pamoja na wake zake. Nisipopenda, njia ya kurudi kwetu Kwashemshi naijua. Alisema hivyo huku akinawa mikono ili ale.

Niliwaza hivi, na sikuwa na pengine pa kuwazia. Cherehani ikibaki, nikapata kazi ya kufanya nayo humo humo ndani, watoto watakula na hakuna atakayesema wakalelewe kwingine. Cherehani ikiondoka, watoto wanaondoka nayo. Kwa hiyo mke wa mwenye duka alipokuja kunipa pole, akagusia kuwa mume wake anatafuta fundi mwingine, nilimjibu hata hajamaliza kwamba mimi najua kushona na naweza kushonea nyumbani. Nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Mwenye duka hakukataa. Alisema tu kwamba yeye hatoi vitambaa vilivyokwisha kukatwa viingie kwenye nyumba asiyoweza kuingia kukagua, kwa fundi asiyeweza kumwuliza maswali uso kwa uso. Basi mjane aandike. Ajieleze yeye ni nani, kazi alijifunzia wapi, ameshona nini na nini, na nani anaijua kazi yake, kama wanavyojieleza vijana wanaoomba ukarani bomani. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu, na kabla ya hapo chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo kalamu haikunitisha. Kilichonitisha kilikuja baadaye.

Barua ile ya kwanza niliiandika kwa adabu tuliyolelewa nayo, kwamba mtu hajisifu. Nusu ya ukurasa ilikuwa salamu. Nilimuuliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, ya biashara. Kisha nikamsifu marehemu kwa mistari mingi, fundi mwaminifu, mkono mwepesi. Mwishoni kabisa, tena kwa haya, nikajitaja mwenyewe: mimi si fundi, ni mtu wa kujaribujaribu tu, nikipewa kidogo nitashukuru, nikikosea nisamehewe. Nilipomaliza niliiona ni barua nzuri sana.

"Mume wangu anasema," mke wa mwenye duka aliniambia akinirudishia, "wewe mwenyewe umeandika kwamba hujui kazi. Sasa akupe kitambaa cha nini?"

Nilimweleza kwamba hivyo ndivyo tunavyosema. Akasema anajua, hata kwao wanawake husema hivyo hivyo, ila mume wake akishika karatasi anasoma kilichoandikwa. Halafu akaniinamia sikioni, maana mama mkwe wangu alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo akisuka ukili wa mkeka. "Andika la kweli," akasema. "Kuna shati lolote dukani kwetu ulilolishona wewe?"

Hakukuwa na shati hata moja mle dukani ambalo mkono wangu haukupita.

Mume wangu, kabla ya kuwa fundi, alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde. Huko, kwenye korona, ile mitambo ya kusaga majani ya mkonge, alipoteza nusu ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Alipopona alinunua cherehani kuukuu akajifunza kushona, na mshono ulionyooka aliuweza. Kola hakuiweza. Shingo ya kanzu, matundu ya vifungo, kila kitu kinachotaka gumba la kushikia kilimshinda. Mimi nilifundishwa kushona utotoni na bibi mmoja kutoka pwani aliyeolewa jirani yetu kule Kwashemshi mlimani, tukianzia kwenye kofia za mkono. Kwa hiyo tuligawana kazi, wala hatukukaa chini kupanga. Asubuhi alifunga cherehani kwenye baiskeli akaenda nayo barazani, akakata nguo na kuziunga mbavu huku watu wakimwona. Alasiri alirudi nayo, pamoja na nguo zilizobaki kola na shingo, akaniachia mimi mpaka magharibi. Kesho yake mashati yalifika dukani yakiwa kamili, na wateja walikuja hata kutoka Handeni kumtafuta yule fundi wa kola. Nilipenda kusikia akisifiwa. Siwezi kuficha, siku nyingine niliona wivu.

Kulikuwa na alama. Bibi yule alinifundisha kumalizia kila kazi kwa mafundo matatu madogo ya uzi, kwa ndani, ili mshono usifumuke. Nilikuwa nikiyafunga chini ya kola, upande wa kushoto, na kila moja nikilisemea bismillahi. Mume wangu aliyajua. Mtu mwingine asingeyaona mpaka ayatafute.

Kwa hiyo barua ya kweli nilikuwa nayo kichwani nzima. Lakini kuiandika ilikuwa ni kumvua nguo marehemu mbele ya watu, naye hawezi kujibu, na mimi bado nimekaa eda yake. Nililiogopa kaburi lake. Nilimwogopa mwenye duka, asije akasema tulimdanganya miaka yote ile na asitake tena kutusikia. Nilimwogopa shemeji, atakavyopata la kusema. Lakini hao wote ukiwaweka pamoja, hawakufikia hofu niliyokuwa nayo kwa mama mkwe.

Alihamia kwetu siku ya msiba ili akae nami edani. Alikuwa mama wa Kizigua mwenye maneno machache. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, lakini vidole vyake viliona. Alisuka ukili siku nzima akiwa ameelekea ukutani, na jani moja likikaa vibaya alilijua kwa kugusa tu, akafumua akaanza upya. Hakuwa mkali kwangu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitesa. Alikuwa na gauni moja la maua madogo ya bluu, alilopewa na mwanawe kwenye Idi ya mwisho, na alilivaa Ijumaa tu. Kila aliyekuja kutupa pole aliambiwa: hili kanishonea mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha alimshikisha mgeni shingo ya gauni aone ilivyolala vizuri.

Shingo ile niliishona mimi. Mwanawe alikata, akaunga mbavu, akashindwa na shingo mara tatu, mpaka siku moja kabla ya Idi akanipa bila kunitazama usoni. Nilimalizia kwa mafundo matatu kama ilivyo kawaida yangu, sikufikiri lolote. Nilikuwa na haraka ya kwenda kupika.

Niliandika barua ya pili mchana mmoja, mama mkwe amekaa mbele yangu. Aliniuliza naandika nini, nikamwambia ni salamu za kwetu Kwashemshi, na kwa kusema uongo huo wino ukanidondokea kwenye nguo nyeupe ya eda. Barua yenyewe ilikuwa fupi na mpaka leo naikumbuka:

"Salaam. Mimi ni mjane wa fundi wako. Kushona nilijifunza utotoni huko Kwashemshi. Kwa miaka saba nimeshona nyumbani kwangu kola za mashati, shingo za kanzu na matundu ya vifungo, na kazi hiyo imeuzwa dukani kwako. Marehemu alikata na kuunga, mimi nilimalizia. Anayeijua kazi yangu ni wewe mwenyewe. Pindua kola ya shati lolote lililobaki dukani, upande wa kushoto, utaona mafundo matatu. Hayo ni yangu. Naweza kukushonea mashati manne kwa wiki bila kutoka nyumbani."

Niliisoma mara moja tu. Haikuwa na samahani hata moja ndani yake. Ilionekana imeandikwa na mwanamke mwingine, asiye na haya, na mwanamke huyo nilimwogopa. Niliificha ndani ya kifuniko cha mbao cha cherehani, na ikakaa humo siku tisa. Kila mama mkwe alipopita karibu yake nilishika roho. Siku moja alianza kukifuta vumbi kile kifuniko, akakipapasa, nikajikohoza kwa nguvu ili aache anipe maji. Akaacha, akaniletea, nikanywa maji nisiyoyataka huku akinisugua mgongo.

Siku ya kumi shemeji alituma salamu kwa mtu aliyekuja mjini. Amekwisha kupata fundi huko Kwamsisi wa kuitumia ile cherehani, na watoto wametengewa mahali pa kulala. Mama mkwe alizipokea salamu hizo, akarudi kwenye ukili wake. Alasiri mke wa mwenye duka alipokuja kunijulia hali, nilimtia barua mkononi nikavikunja vidole vyake juu yake, kabla sijapata nafasi ya kuogopa tena.

Siku nne zilipita kimya. Nilianza kumwona mwenye duka akiichana, akimwita polisi, akiipeleka msikitini isomwe. Siku ya tano mke wake alikuja na furushi: mashati sita yaliyokatwa, uzi na vifungo. Alinisimulia kwamba mume wake alipindua mashati yote yaliyokuwa kwenye rafu, moja moja, kisha akavua alilovaa mwenyewe akalipindua nalo. Baada ya hapo akamwambia yeye apeleke kitambaa kwa mjane.

Ilinipasa kufurahi, na kweli nilifurahi, labda kwa saa moja. Jambo nililosahau ni kwamba barua ilisomwa dukani, na dukani kuna watu. Haikupita wiki, watu wakawa wanapinduana kola sokoni. Jirani yetu mmoja, mwanamke asiyejua kuziba mdomo, alikuja kukaa nasi, akayamwaga yote mbele ya mama mkwe huku akicheka: mafundo matatu, upande wa kushoto, kumbe fundi siku zote alikuwa mke. Mimi niliinamia sindano yangu nikaomba ardhi ipasuke. Vidole vya mama mkwe vilisimama kwenye ukili. Kisha vikaendelea.

Hakuniuliza. Hakuniuliza siku ile, wala kesho yake, wala wiki zote zilizobaki. Alinipikia uji kama kawaida, aliwaogesha watoto kama kawaida. Ila Ijumaa iliyofuata hakulivaa lile gauni, na iliyofuata pia. Lilikaa limekunjwa juu ya sanduku lake. Angenifokea ningejua pa kusimama. Kimya chake kilinifanya niogope hata kukutana naye mlangoni, na nyumba yenyewe ilikuwa na mlango mmoja. Nilishona kola za watu huku nikijiambia kwamba siku eda ikiisha atamwambia mwanawe mkubwa achukue vyote, na atakuwa na haki.

Eda iliisha. Nilioga, nikabadili nguo, dua ikasomwa. Shemeji alifika na baiskeli, wazee wawili wa ukoo, na kamba mpya ya kufungia cherehani. Nilipiga magoti nikawaamkia shikamoo. Aliweka kamba ile mkekani, mbele yangu, akaanza kuzungumza kwa upole wake ule ule.

"Kuna maneno yanatembea hapa Korogwe," akasema, "kwamba ndugu yangu hakuwa fundi, fundi ni huyu. Ikiwa ni kweli, mimi sina neno, chombo ni cha mwenye kazi. Lakini barua kaandika mwenyewe, na anayemwitikia ni mwenye duka anayetaka mashati yake. Mama, wewe ndiye uliyekaa naye. Sema wewe."

Mama mkwe aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na gauni la maua ya bluu, akaliweka mapajani mwangu.

"Mimi sioni," akasema. "Wewe unaona. Nitazamie hapo shingoni, uniambie kama yapo."

Nililipindua. Sikuwa na haja ya kutafuta. Yalikuwa pale, matatu, uzi mweupe, yamekazwa kwa haraka ya mtu anayewahi jikoni. Mtoto wangu mdogo alikuja akaniegemea begani. Neno moja tu lilihitajika. Nikisema yapo, wazee watayaona kwa macho yao, cherehani itabaki na watoto watabaki. Na mama huyu atabaki na kipande cha kitambaa, mwanawe amekwisha kuondoka tena. Niliutazama uso wake. Alikuwa amenielekea na yale macho yenye ukungu, na ndipo nikatambua kwamba katika nyumba ile sikuwa mimi peke yangu niliyekuwa nikiogopa.

"Hayapo, mama," nikasema. "Hili kashona mwenyewe."

Shemeji akaokota kamba. Akawaambia wazee kwamba wamesikia. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto mkono, nimemshika kwa nguvu kiasi kwamba akaanza kulia.

Mama mkwe alinyoosha mkono akalichukua gauni lake. Kidole chake kilitembea shingoni taratibu, kama kinavyopita kwenye ukili, kikaanzia kulia, kikazunguka nyuma, kikaja kushoto. Kikasimama. Kilipita juu ya fundo la kwanza, la pili, la tatu, kikarudi tena. Nilikiona. Mzee mmoja alitaka apewe naye atazame, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kulikunja na kuliweka chini ya paja lake.

"Ndiyo," akasema. "Kashona mwenyewe." Kisha akageuka upande inakotoka sauti ya mwanawe mkubwa. "Irudishe kamba yako kwenye baiskeli. Cherehani haitoki humu, na watoto hawatoki. Mwenye nayo nilimzaa mimi, na mimi ndiye wa kusema ikae wapi."

Shemeji alitaka kujibu. Yule mzee aliyetaka kutazama akamwambia, umeshamsikia mama yako. Wakala, wakaaga, wakaondoka kabla ya alasiri, nami nikabaki nimekaa pale mkekani. Mama mkwe naye alirudi kwenye ukili wake. Hatukulizungumza jambo lile siku hiyo, na hatukulizungumza kamwe.

Baadaye niliandika barua nyingine nyingi za kujieleza, kwa duka moja la Handeni, kwa mwalimu aliyetaka sare za shule, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyetaka mapazia. Nilijifunza kuandika bila haya kazi zote nilizofanya, mashati, kanzu, suruali za kaki, na orodha ikawa ndefu mpaka ikajaza pande mbili za karatasi. Hofu haikuniacha, lakini niliandika. Gauni la maua ya bluu sikuliandika hata mara moja. Mama mkwe alianza tena kulivaa Ijumaa iliyofuata, akalivaa mpaka likachakaa mabegani, na kila mgeni aliambiwa yale yale na kushikishwa shingo. Kisha alinigeukia mimi nishuhudie, nami niliitikia, "Ndiyo, mama, alishona mwenyewe."